Mtakatifu kwenye Mlango wa Tangi

Jumatatu asubuhi gari la Gavril lilishindwa na Mlima wa Msalaba. Halikuzima. Afadhali lingezima, maana gari likizima kulisukuma si aibu, hata tajiri husukuma lake. Hili lilikuwa linanguruma, linasogea kama mtu mwenye goti bovu, na ndani ya injini kitu kilikuwa kinagonga, ka-ka-ka, kama misumari inayotikiswa ndani ya kopo.

Nyuma alikuwa amepakia makreti ya cheri na wanawake wawili wa kijiji cha Valea Socilor waliokuwa wanakwenda kuuza sokoni Chișinău, mji mkuu wa Moldova. Mmoja wao, Parascovia, mwanamke mwenye mwili mkubwa na mdomo mkubwa zaidi, aliuliza kwa upole kama washuke. Ule upole ulimuuma Gavril kuliko tusi. Alisema hakuna haja. Mita hamsini mbele aliwaomba washuke.

Wakapanda mlima kwa miguu, pembeni mwa barabara, wamefunga vitambaa vichwani kwa ajili ya jua. Ubaya ni kwamba walikuwa wanaenda sawa na gari. Walipofika kwenye msalaba wa mbao ambapo watu husimama kujiombea, Parascovia aliinama kwenye dirisha.

"Gavril, ukichoka tuambie, tutakusubiri juu."

Lori la mchanga liliwapita, dereva akapiga honi. Walipofika sokoni bei nzuri ya asubuhi ilikuwa imekwisha, na cheri za chini zimeanza kutoa maji. Jioni, akishusha makreti matupu, Parascovia alisema kesho atapanda basi. Hakusema kwa ubaya. Alimlipa nauli yote, hata ya ule mlima alioupanda kwa miguu yake, na Gavril akaipokea huku anatazama pembeni.

Lile gari lilikuwa miaka sita ya maisha ya mkewe. Tudora alikuwa Italia miaka sita, katika mji mdogo karibu na Bologna, akimhudumia mzee asiyeweza kusimama mwenyewe. Mzee alipofariki, yeye akarudi nyumbani na akiba yake, na mwezi wa tatu wakanunua gari refu la Kijerumani lenye nafasi ya mizigo nyuma. Mpango ulikuwa mwepesi kuueleza. Gavril abebe watu na matunda yao, nyumba ipate kula, ahudumie gari, na Tudora asiondoke tena.

*

Fundi wa kijiji, Nicanor, ndiye aliyewasimamia ndoa. Na huko msimamizi wa ndoa si mtu wa siku moja ya sherehe. Unambusu mkono wakati wa Pasaka, unampelekea mkate mtamu na chupa ya mvinyo, na humbishii. Akikwambia ukuta mweupe ni mweusi, unasema labda ni kivuli.

Nicanor alichukua bisibisi ndefu, ncha akaiegemeza kwenye injini, mpini akautia sikioni. Akafumba macho. Alimwambia Gavril akanyage mafuta, aachie, akanyage tena. Kisha akafunga boneti taratibu, jinsi watu wanavyofunga jeneza.

Alisema ni pistoni. Injini ifunguliwe yote, na vipuri vya Kijerumani mtu hawezi kuvipata kwa bei ya binadamu. Akauliza Gavril anatia mafuta gani. Gavril akajibu kama mwanafunzi kwamba anatia petroli ya namba tisini na mbili, ile ya bei nafuu, kama alivyofundishwa.

"Safi," alisema Nicanor. "Hapo huna kosa."

Kisha akaeleza, kwa faida ya Tudora aliyekuwa amesimama na sahani ya vitumbua vya jibini aliyomletea, jambo ambalo kijiji kizima kililijua. Petroli ya kweli ni tisini na mbili. Hiyo tisini na tano ni tisini na mbili ileile, imekorogwa na unga na wezi wa vituoni, na unga huo unachoma valvu. Yeye aliendesha malori ya shamba la ushirika kwa sabini na sita, petroli ambayo leo mtu asingeosha nayo hata brashi, na wilaya nzima ikalimwa.

Tudora alisema, kwa sauti ya chini, "Lakini baba, linagonga mlimani tu. Na ni tangu joto lianze na mizigo iwe mingi. Kwenye tambarare limetulia."

Nicanor alifuta mikono kwa kitambaa. "Mwanangu, kule Italia ulikuwa unaogesha wazee. Kazi ya heshima. Sasa niachie mimi nimwogeshe huyu."

Gavril alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, cha kumridhisha mzee, lakini Tudora alikisikia na akaweka sahani juu ya tairi kuukuu.

Mwishowe Nicanor alisema kwa kuwa ni watoto wake, atalichukua yeye, la vipuri, kwa bei ya ng'ombe wawili. Atakuja na pesa Jumamosi asubuhi. Alikuwa mkweli? Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Aliamini kila neno alilosema kuhusu petroli. Lakini pia tangu mwezi wa tatu alikuwa akilitazama lile gari likipita mbele ya ua wake, na macho yake yalikuwa hayalisindikizi kwa ajili ya vipuri.

*

Mezani kulikuwa na ugali wa mahindi ya manjano, jibini la kondoo na vitunguu. Mama yake Gavril, Bibi Eudochia, aliukata ugali kwa uzi kama kawaida na kumpa kila mtu kipande. Tudora alisema amempigia Pavel simu. Pavel alikuwa na basi dogo linalobeba wanawake kwenda Italia kila Jumapili. Kiti kipo, cha tatu dirishani. Kuna kikongwe huko Modena anahitaji mtu.

"Kwa muda gani?" aliuliza Gavril.

"Mara ya kwanza tulisema mwaka mmoja."

Gavril akaendelea kutafuna, ingawa mdomoni hakukuwa na kitu.

Binti yao, Ilinca, alikuwa na miaka tisa. Mama yake alipoondoka alikuwa na mitatu, na kwa miaka yote ile alimwita bibi yake Mama, kwa sababu mtoto lazima amwite mtu. Tangu Tudora arudi, msichana hakumwita kwa jina lolote. Akitaka kitu, alisimama mbele yake mpaka aonwe. Tudora hakumlaumu. Alikuwa amejiambia kwamba hilo litakuja lenyewe, mradi yeye awepo. Ndiyo maana aliposema habari za kiti cha tatu hakumtazama mtoto, alitazama ugali.

Ijumaa asubuhi alikuwa anafungasha. Aliingiza soksi nene kwenye begi akakumbuka miguu ya yule mzee wa Italia, Ettore, aliyekuwa anaona baridi hata mwezi wa saba. Ettore alikuwa ameendesha mabasi maisha yake yote, na alipokosa miguu alimfanya Tudora kuwa miguu yake. Alimfundisha kuendesha, akamlipia leseni, na kila walipokwenda kutia mafuta alimlazimisha afungue kijilango cha tangi na kusoma kwa sauti kilichoandikwa ndani. Kila mara. Tudora alidhani ni uzee. Mzee alikuwa akimwambia, "Soma mlango. Aliyelitengeneza ameandika hapo linachokunywa. Watu wa kituoni hawalijui, na mimi pia silijui."

Tudora aliacha soksi akatoka uani. Alifungua kijilango cha tangi la gari lake mwenyewe kwa mara ya kwanza, kwa sababu siku zote aliyetia mafuta alikuwa Gavril.

Ndani alikuwemo Mtakatifu Nikola, amevaa joho la dhahabu, ameinua vidole viwili.

*

Habari yake ilikuwa hivi. Walipolinunua gari walimwita padri aje alibariki, kama kila mtu anavyofanya. Padri alilirushia maji matakatifu mpaka kwenye magurudumu, akamwachia Gavril stika tatu za mtakatifu wa wasafiri. Mbili zikabandikwa mbele ya usukani. Ya tatu Gavril aliona asiipoteze bure. Watu wa vituo vya mafuta ni wezi, wanapunja lita, wanachanganya maji. Basi mtakatifu akae palepale mafuta yanapoingilia, awaone. Aliambia watu wengi, na watu wengi wakamsifu kwa akili hiyo. Chini ya ile stika kulikuwa na kikaratasi chenye maandishi ya Kijerumani, lakini Gavril aliona Mjerumani hana la kumwambia.

Tudora aliweka birika jikoni na kuchukua kisu cha siagi. Bibi Eudochia alimkuta ameinama na birika linalofuka mvuke.

"Unafanya nini?"

"Namhamisha Mtakatifu, Mama."

Bibi alifanya ishara ya msalaba mara tatu. Alisema gari linakufa na mke wa mwanawe anamchemsha mtakatifu, sasa watu wa nyumba hii watamkimbilia nani. Tudora aliendelea kupitisha mvuke pole pole, kona moja baada ya nyingine, akieleza kwamba hambandui kwa nguvu, hamchani, anamtafutia mahali bora. Bibi alisimama pale ahakikishe. Kona ya mwisho ilipogoma, bibi mwenyewe akaivuta kwa kucha, kwa sababu aliogopa kisu kingekwangua joho.

Chini yake kikaratasi kilikuwa kimepauka lakini kinasomeka. Kijerumani hakuna aliyekijua. Namba kila mtu anajua. Tisini na tano, kwa tarakimu nene, na kando yake picha ndogo ya bomba la mafuta.

Gavril aliitwa. Alisoma, akasoma tena kama vile namba ingechoka ibadilike. Kisha akasema, "Baba msimamizi atasema ni unga."

"Aseme," alisema Tudora. "Wewe unasema nini?"

Gavril alitoka akaenda kukaa chini ya mzabibu nusu siku. Hakuna mtu aliyemfuata. Kwa Gavril haikuwa habari ya mafuta tena. Ikiwa kile kikaratasi ni kweli, basi tangu mwezi wa tatu ni yeye aliyekuwa analiua gari kwa mkono wake, lita baada ya lita, huku akiliombea baraka. Ikiwa si kweli, mkewe anaondoka keshokutwa. Alihesabu ni aibu ipi anaweza kuishi nayo. Alichukua muda mrefu kuliko ilivyostahili, na baadaye mwenyewe alikubali hivyo.

Jumamosi, kabla hata ng'ombe hawajapelekwa malishoni, Tudora alimkuta amepiga magoti kando ya gari na mpira wa maji mdomoni, ananyonya petroli ya tisini na mbili kutoka kwenye tangi na kuiachia kwenye madumu. Ilimwingia kooni akatema, akasukutua kwa mvinyo, akanyonya tena. Alibakiza kidogo tu ya kufikia kituoni.

Kituoni walikuwepo wanaume watatu wanaongoja zamu. Mhudumu alimshika Gavril bega, akashusha mkono kwenye bomba la siku zote.

"Leo tisini na tano," alisema Gavril. "Jaza."

Mmoja wa wale wanaume alisema kumbe Gavril amekuwa balozi. Mwingine akasema mwache, pesa ya Italia inawasha. Zamani Gavril angecheka nao. Safari hii alisimama akitazama namba za lita zinavyozunguka, masikio mekundu. Kila lita ilimgharimu zaidi kwa bani hamsini tu, vijisenti vya huko, lakini alizihisi zote.

*

Nicanor alifika saa mbili, na pesa kwenye bahasha na kofia safi kichwani. Tudora alimpokea vizuri, akambusu mkono, akamkalisha. Kisha akasema shauri lake. Gari lipande Mlima wa Msalaba kwanza, na mzigo uleule wa Jumatatu, na yeye msimamizi akiwa ndani. Likigonga, alichukue palepale kileleni, kwa nusu ya bei aliyotaja, na yeye Tudora kesho anapanda basi la Pavel.

"Kwa nini unajipunguzia bei?" aliuliza Nicanor.

"Kwa sababu tumetia tisini na tano."

Mzee alimgeukia Gavril. Hakuonyesha hasira. Alikuwa na sura ya mtu aliyemkuta mwanawe analisha mbuzi sabuni. Alisema sasa hata hao ng'ombe wawili hawapo, valvu zitakuwa zimeungua. Lakini alipanda, kwa sababu kukataa kungefanana na kuogopa. Parascovia naye aliitwa na makreti yake. Alipanda haraka, maana habari ya namna ile hangengoja kusimuliwa na mtu mwingine.

Gavril alishika usukani. Akawasha injini, akaizima tena. Akashuka, akazunguka, akafungua mlango wa upande wa pili na kumpa Tudora funguo.

"Endesha wewe. Wewe ndiye uliyesoma."

Nicanor alitazama dari la gari. Katika kijiji kile hakuna mwanamke aliyekuwa amemwendesha.

Waliteremka kijijini, wakavuka daraja. Kwenye mwinuko mdogo wa kinu, injini ikagonga. Ka-ka. Si kwa nguvu, lakini kila mtu ndani alisikia. Nicanor aliinua kidole. Gavril alifumba macho. Tudora alihisi soksi zile nene kwenye begi kana kwamba tayari amezivaa. Alijiambia kwamba kwenye mabomba kuna mabaki ya ile ya zamani, lazima iishe kwanza. Alilijua hilo au alilitunga? Hakuwa na uhakika. Alishika usukani akaenda.

Mlima ukaanza. Alitia gia ya tatu, ileile aliyoshindwa nayo Gavril. Jua lilikuwa kali, makreti yanalia nyuma, Parascovia amenyamaza kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Wakaupita mti wa jozi. Wakapita pale wanawake walipoombwa kushuka Jumatatu. Injini ilikuwa inanguruma nene, sauti moja, kama paka aliyeshiba. Nicanor aliinamisha kichwa, sikio kuelekea mbele. Msalaba wa mbao ukaja, ukapita. Hakuna msumari uliotikisika ndani ya kopo lolote.

"Mbona hatushuki?" alisema Parascovia. "Nilikuwa nimeshafunga kitambaa."

Kileleni Nicanor aliomba wasimame. Alishuka, akafungua boneti, akasikiliza bila bisibisi. Akamwambia Tudora akanyage mafuta, aachie, akanyage tena. Kisha akazunguka mpaka kwenye kijilango cha tangi, akakifungua, akaisoma ile namba na kuipitishia kidole kama kipofu. Alikuwa anafikiria injini alizozifungua tangu magari ya Kijerumani yaanze kuingia nchini. Za jirani, za mwalimu mkuu, ya kaka yake. Hakuzitaja. Lakini uso wake ulizeeka kidogo, na Tudora, aliyekuwa amejiandaa kumwambia neno moja kuhusu kuogesha wazee, akalimeza.

"Hayo madumu ya tisini na mbili mtayafanyia nini?" aliuliza mzee hatimaye.

"Yako, baba," alisema Tudora. "Lile gari lako la Kirusi ndilo linaloyataka. Hata hilo limeandikwa mahali fulani."

Nicanor alirudisha bahasha mfukoni. Alisema wakishuka, waendeshe taratibu, na kwamba huko kituoni hakuna haja ya kuwaeleza watu kila kitu. Parascovia alikubali kwa kichwa kwa haraka ya mtu ambaye ameshaanza kupanga maneno. Kabla ya saa sita mhudumu wa kituo aliulizwa na magari manne ile tisini na tano ni ipi, na wenye magari wote walikuwa wameinama kwanza kwenye vijilango vyao, mmoja amevaa miwani ya mkewe.

*

Jumapili cheri zilikuwa nyingi kuliko makreti. Parascovia alikaa mbele na kapu mapajani. Nyuma walikaa Bibi Eudochia, aliyesema anakwenda kumshukuru Mtakatifu Nikola katika kanisa kubwa la mjini kwa sababu wamemsumbua, Gavril aliyebanwa na mizigo mpaka shingoni, na Ilinca katikati yao. Mtakatifu mwenyewe alikuwa amehamia mbele, na wenzake wawili, akiwa amejikunja kidogo upande mmoja kwa ajili ya mvuke. Tudora alikuwa anaendesha. Hakuna aliyejadili jambo hilo asubuhi. Gavril alimpa funguo kisha akaenda kufunga makreti kwa kamba.

Chini ya Mlima wa Msalaba walilikuta basi dogo la Pavel. Lilikuwa limejaa mabegi mpaka juu, linapanda polepole, linatoa moshi. Kwenye dirisha la tatu hapakuwa na kichwa cha mtu, pazia tu linapepea.

Tudora alipunguza mwendo nyuma yake. Hakuwa na sababu. Barabara ya mbele ilikuwa nyeupe mpaka kileleni. Alikuwa tu analitazama lile pazia.

"Mama, mpite," alisema Ilinca.

Bibi Eudochia, aliyeitikia jina hilo kwa miaka sita, aligeuka amuulize anataka nini. Ndipo alipoona mtoto hamtazami yeye, anatazama kisogo cha anayeendesha. Bibi akafunga mdomo na kushika kreti la karibu kwa mikono miwili.

Tudora alirudi gia ya tatu, akawasha taa ya kupita, akakanyaga.